Hewa ya Rubani

Hospitalini walimwita Mama Hewa, na jina lilimkaa sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuhakikisha hewa inamfikia anayeihitaji. Mitungi ya oksijeni, mabomba yanayopita ukutani hadi wodini, mashine za kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, vyote vilikuwa mikononi mwake. Ndani ya mashine hizo za usingizi kuna kopo la chembechembe nyeupe zinazonyonya uchafu wa pumzi ya mgonjwa, ule uchafu ambao wanasayansi huuita hewa ukaa. Chembechembe zikichoka hugeuka zambarau. Kila asubuhi kabla ya upasuaji wa kwanza alipita kuzitazama, na mara mbili katika maisha yake ya kazi alikuwa amesimamisha upasuaji kwa sababu ya rangi hiyo. Madaktari walinuna, lakini walimsikiliza.

Nyumbani aliishi na mama mkwe. Mumewe alikuwa fundi wa barabara, mtu wa kambini, anarudi mara moja kwa mwezi na nguo chafu begi zima. Watoto wawili walikuwa wameshaolewa na kuoa. Kwa hiyo jioni zake zilikuwa ndefu, na mtu mwenye jioni ndefu hutafuta pa kuzipeleka. Yeye alizipeleka kwenye Jukwaa.

Jukwaa lilikuwa ukurasa wa mtandaoni wa watu kama mia tatu hivi, wapenda sayansi wa kila aina. Asubuhi mtu analeta habari ya simu mpya inayokunjika, mchana mwingine analeta roboti anayepanga matofali, jioni wanagombana kama kuna viumbe kwenye sayari nyingine na kama viumbe hao wangekuwa na adabu. Kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa kweli: hakuna kuuliza jina la mtu wala anapoishi. Ukiuliza, unafungiwa wiki nzima. Kila mmoja alikuwa na jina la kujipachika. Yeye alijiita Kipimo.

Na palikuwa na Rubani.

Rubani aliandika hadithi ya kubuni, kipande kila Jumatano, kuhusu chombo kilichobeba watu arobaini kwenda kwenye nyota ya mbali. Watu waliipenda. Yeye Kipimo pia aliipenda, ila hakuwahi kusema. Kilichomkera ni bustani. Ndani ya chombo cha Rubani hewa yote ilitengenezwa na bustani moja ya mboga, na watu arobaini walipumua, wakapendana, wakazaa, miaka sitini, kwa hewa ya mchicha.

"Bustani yako ina ukubwa gani?" aliwahi kumwandikia.

"Kama uwanja wa mpira wa wavu," Rubani akajibu.

"Basi abiria wako wamekufa tangu sura ya pili. Tunazosoma ni habari za marehemu."

Watu walicheka siku tatu. Rubani hakukasirika, au hakuonyesha. Alijibu kwa upole uliomchoma kuliko tusi: "Nakushukuru kwa kusoma kwa makini, Kipimo." Kuanzia hapo, kwa miaka miwili, hawakuachana. Rubani alishikilia kwamba mtu aliyefungiwa anakufa kwa kukosa oksijeni, na miche michache inatosha kumwongezea saa nyingi. Kipimo alishikilia kwamba oksijeni haijaisha hata robo, pumzi yako mwenyewe inakuwa imeshakumaliza. Kila mmoja alileta hesabu zake. Wengine waligawanyika kama mashabiki wa timu mbili.

Jumatano moja kukaja habari kwamba kampuni fulani ya mbali imejenga chumba cha majaribio cha kuishi mwezini, chenye mimea ndani. Rubani alifurahi kama vile kimejengwa kwake. Akaandika maneno marefu, na mwishoni akamwita kwa jina: "Kipimo, unasemaje sasa?"

Kipimo alikuwa ametoka kazini amechoka. Valvu ya bomba kuu ilikuwa imekatika, daktari mmoja alikuwa amemfokea mbele ya wauguzi kwa kosa lisilo lake. Alisoma ujumbe ule akiwa amesimama jikoni, viatu bado mguuni. Akaandika bila kufikiri:

"Maneno matupu. Jifungie kwenye chumba kisichopitisha hewa na miche yako, halafu uje unisimulie."

Akaweka simu mezani, akavua viatu, akasahau.

Jumapili iliyofuata hakuwa na zamu. Alifua mashuka asubuhi nzima, simu ikiwa chumbani kwenye chaja. Jua lilikuwa kali, kamba zote mbili za uani zilijaa. Ilikuwa kama saa saba kasoro dakika kumi mchana alipokaa kitandani kupumzisha mgongo na kuifungua simu.

Jukwaani kulikuwa na mada moja yenye majibu mia mbili na zaidi. Kichwa chake kilisomeka: "Saa nane mfululizo na miche yangu. Jaribio kwa heshima ya Kipimo."

Akaanza kusoma kutoka juu.

Rubani alikuwa amejifungia saa mbili kamili asubuhi. Alikuwa ameweka picha kabla ya kuingia: sanduku kubwa jeupe la faiba, lile la kupachikwa nyuma ya gari dogo la kubebea vitu vya baridi, mlango wazi. Ndani kulikuwa na kigoda, taa ya betri, vyungu kumi na viwili vya miche, beseni la maji yenye ukungu wa kijani, na kifaa kidogo cha kupima oksijeni kinachoning'inia kwenye msumari. Chini ameandika kwamba mlango ataufunga na kuziba pembe zote kwa ndani kwa utepe wa gundi wa kuzibia mabomba, tabaka tatu, hewa isipenye. "Oksijeni ikifika kumi na nne kwa mia nitatoka," aliandika. "Mimi si mwendawazimu. Lakini haitafika."

Kila nusu saa alituma ripoti. Oksijeni ishirini nukta tisa. Kumi na tisa na nusu. Saa nne, kumi na nane nukta saba. Watu walishangilia, wakatuma picha za maua. Wengine walimtafuta Kipimo: "Yuko wapi bingwa wetu? Amejificha."

Saa tano na nusu Rubani aliandika: "Joto limezidi na kichwa kinanigonga kidogo. Oksijeni kumi na saba. Niko salama."

Saa sita: "Kumi na sita nukta nne. napumua haraka sijui kwa nn. Joto tu."

Saa sita na nusu: "Miche imenizoea. Naisikia."

Watu walicheka. Mmoja akaandika kwamba Rubani anawatungia sura mpya. Kipimo hakucheka. Miaka miwili alikuwa amemsoma mtu huyu, na hakuwahi kumwona akikosea herufi hata moja. Rubani alikuwa mtu wa kuweka nukta hata mwisho wa salamu.

Alichukua bahasha ya dawa za mama mkwe iliyokuwa kando ya kitanda, akaandika nyuma yake. Sanduku la aina ile lina lita elfu mbili, zaidi kidogo. Mtu mzima aliyetulia anatoa lita ishirini hivi za uchafu wa pumzi kwa saa. Saa tano zimekatika. Alipiga hesabu mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuitaka. Tano kwa mia. Kazini, nusu ya kiasi hicho ingemfanya akimbie korido nzima. Na kile kifaa kidogo cha msumarini hakikuwa na habari na uchafu huo, kilipima oksijeni peke yake.

Akaandika Jukwaani: "Rubani, toka. Sasa hivi. Kifaa chako hakipimi kinachokuua. Bandua utepe utoke."

Majibu yalikuja upesi. "Aa, Kipimo umeamka." "Anaogopa kushindwa huyo." "Muda bado, bwana, subiri saa kumi."

Kisha Rubani mwenyewe, saa saba na dakika tano: "kipimo umeshindw. nalala kidogo tu alafu naendlea"

"Usilale," aliandika. "Usilale. Piga mlango teke."

Hakukuwa na jibu. Alisubiri dakika mbili nzima akiwa amesimama, akiangalia kioo cha simu. Hakuna.

Alimwandikia msimamizi wa Jukwaa kwa siri, akaomba namba ya simu ya Rubani, jina lake, chochote. Msimamizi alijibu kwa haraka na kwa ustaarabu: "Unajua sheria zetu. Halafu hata ningetaka, tunachohifadhi ni anwani ya barua pepe tu. Nimemtumia barua."

"Mtu aliyezimia hasomi barua," akaandika, na akafunga.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa hafifu lakini masikio hayakupitwa na kitu. "Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Kuna mtu anakufa, mama, na simjui ni nani."

"Humjui kabisa?"

"Nina picha tu."

"Basi itazame vizuri," mama mkwe akasema. "Usiniangalie mimi."

Aliikuza ile picha kwa vidole. Ukuta wa matofali, haukusema kitu. Sakafu ya saruji yenye madoa ya oili. Akalikuza sanduku lenyewe, pembe ya chini kushoto, ambako rangi ya bluu ilikuwa imefifia. Palikuwa na herufi mbili na namba. CH, mstari wa mshazari, kumi na saba. Ile saba ilikuwa imekatwa katikati kwa mstari mfupi.

Saba ile aliijua kwa sababu aliiandika mwenyewe. Mwaka ule hospitali ilipoamua vifaa vyote viwe na namba, ni yeye aliyepita na kopo la rangi ya bluu. CH ni chanjo. Lilikuwa sanduku la gari lililosambaza chanjo vituoni, na mwaka jana liliondolewa pamoja na makorokoro mengine.

Akampigia mzee wa stoo. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, na nyuma yake palikuwa na redio.

"Mama Hewa, leo ni Jumapili."

"Mzee, samahani sana. Lile sanduku la gari la chanjo, namba kumi na saba, alilichukua nani?"

"Hayo yako kwenye daftari, na daftari liko ofisini, na ofisi imefungwa. Kesho nitakutazamia."

"Mzee wangu, ndani ya sanduku hilo kuna mtu. Amejifungia na hewa imekwisha. Nikingoja kesho tutakuwa tunazika."

Redio ilizimwa. "Ngoja," akasema. "Ngoja nifikiri. Walikuja watu wa vyuma chakavu, hawakulitaka. Likakaa mvuani. Halafu... alilichukua fundi majokofu. Yule anayekuja kutazama friji za chanjo. Alisema atalitengeneza."

"Yule mpole?"

"Huyo huyo mpole."

Alimjua. Tuseme alimjua kama unavyomjua mtu unayempisha mlangoni. Mwanamume mwembamba wa miaka arobaini hivi, mwenye kisanduku cha vifaa kilichofungwa kwa kamba, anayesalimia akiangalia chini. "Shikamoo dada," alikuwa akimwambia, ingawa umri wao ulikaribiana, halafu anamaliza kazi na kuondoka bila neno la ziada. Mara moja Mama Hewa alimwambia muuguzi kwamba yule fundi ni mzuri ila hana maongezi. Na huyu ndiye aliyemjibu kila usiku kwa miaka miwili, aya tatu kwa aya yake moja.

"Karakana yake iko wapi?"

"Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mlango wa bluu, jirani na fundi cherehani. Namba yake ya simu imo kwenye daftari, lakini nakwenda kulifungua sasa hivi, nitakupigia."

Alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Dereva wa zamu alimwambia yuko barabarani na mjamzito, atafika baada ya dakika arobaini, labda thelathini. Akamwelekeza. Kisha akachukua nyundo na bisibisi kubwa, akavaa malapa yaliyokuwa karibu, na kutoka. Mama mkwe alikuwa ameshaita pikipiki iliyokuwa ikipita na amemshika dereva mkono asiondoke.

Njiani upepo ulimjaa machoni. Alijaribu kupiga hesabu tena akashindwa, namba zilimkimbia. Kilichobaki kichwani ni maneno yake mwenyewe. Halafu uje unisimulie.

Mlango wa bluu ulikuwa wa mabati, umefungwa kwa ndani. Aligonga kwa nyundo hadi mtaa mzima ukageuka. Fundi cherehani alitoka kibandani kwake na futi shingoni.

"Dada, kulikoni?"

"Fundi yumo ndani?"

"Aliingia asubuhi na vyungu vya miche. Nikamuuliza unaanza kilimo, akacheka. Hajatoka. Ila ni mtu wa kimya, mimi sikujali."

"Funguo?"

"Mke wake anazo, lakini yuko mbali, sokoni. Nimpigie?"

"Mpigie. Na hiyo meza yako, nisaidie tuisogeze ukutani."

Fundi cherehani hakuuliza zaidi. Alizoa vitambaa kwa mkono mmoja akavitupa chini, wakaburuta meza, dereva wa pikipiki akaishika miguu. Mama Hewa alikuwa na miaka arobaini na sita na uzito wake, na hakuwa amepanda ukuta tangu akiwa shuleni. Alipanda. Juu kulikuwa na vipande vya chupa vilivyopandwa kwenye saruji. Akatandika kanga iliyokuwa kiunoni, akapita, na bado kipande kimoja kilimchana goti. Alitua upande wa pili kwa mikono. Dereva wa pikipiki akamfuata.

Sanduku lilikuwa katikati ya ua wa karakana, juu ya matofali. Lilikuwa kimya kabisa. Aliligonga kwa kiganja.

"Fundi. Fundi, unanisikia?"

Hakuna.

Komeo la nje lilikuwa halijafungwa, fundi alikuwa mwangalifu kiasi hicho. Lakini mlango ulipovutwa haukuja. Tabaka tatu za utepe zilikuwa zimeushika kila upande kwa ndani, na joto la mchana lilikuwa limeyeyusha gundi. Walivuta wote wawili, miguu imekita kwenye sanduku. Mlango ulijikunja kidogo na kurudi.

"Tafuta mtaimbo," akamwambia dereva. "Au chuma chochote kirefu."

Yeye akapachika bisibisi kwenye mwanya wa pembe na kuigonga kwa nyundo. Ilizama. Akaiinamisha, utepe ukalia, ukaachia inchi moja. Akahamisha, akagonga tena. Jasho lilimwingia machoni. Hakuwa akifikiri kitu. Dereva alirudi na bomba la chuma, wakalipenyeza pale bisibisi ilipofungua, wakalibonyeza kwa uzito wao wote, na mlango ukafunguka kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto na nzito, ya unyevu wa miche na jasho. Fundi alikuwa ameanguka kutoka kwenye kigoda, kichwa kimeegemea beseni, uso mwekundu wenye majimaji. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa na vipande vya utepe. Alikuwa amejaribu.

"Usiingie, shikilia mlango," akamwambia dereva. Akajaza pumzi, akainama ndani, akamkamata chini ya makwapa na kumburuta. Vyungu viwili vilianguka. Alipomlaza kwenye saruji aliweka sikio kinywani mwake. Alikuwa akipumua, haraka na kwa juu juu, kama mtu aliyekimbia mbali.

"Anapumua," akasema, na ndipo akakaa chini.

Walifungua mlango wa mabati kutoka ndani. Fundi cherehani akaleta maji na kipande cha boksi la kumpepea. Baada ya dakika chache fundi majokofu alikunja uso, akageuka ubavu na kutapika. Kisha akafumbua macho. Alimtazama Mama Hewa kwa muda mrefu, kwa mshangao wa mtu anayemwona jirani ndotoni.

"Shikamoo dada," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Friji ya chanjo imeharibika?"

"Friji ni nzima," akajibu. "Mimi ndiye Kipimo."

Alifumba macho tena. Mama Hewa alidhani amezimia, lakini machozi yalikuwa yakimtoka pembeni.

Mke wake alifika kabla ya gari la wagonjwa, amebebwa na pikipiki nyingine, kapu la sokoni bado mkononi. Alipiga magoti, akampapasa mumewe kichwa, kifua, mikono, alipoona yu mzima akainuka. Fundi cherehani alikuwa ameshamweleza kwa simu kila alichokisikia, pamoja na jina.

"Kipimo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kila siku Kipimo, Kipimo. Chakula kinapoa anamjibu Kipimo. Nikadhani ni mwanamume." Aliongea kwa sauti ya chini, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. "Ulimwambia ajifungie?"

Mama Hewa alikuwa na majibu. Alikuwa na hesabu nyuma ya bahasha, alikuwa na goti linalovuja damu. "Nilimwambia," akasema. "Nilikuwa nimeudhika na mambo mengine, nikaandika. Sikudhani atafanya, lakini nilimwambia."

Yule mama alimtazama, kisha akalitazama lile goti. Hakusema nakusamehe wala sikusamehe. Gari la wagonjwa lilipofika alipanda na mumewe, na kapu likabaki kwa fundi cherehani.

Walimlaza usiku mmoja, wakamwekea oksijeni kutoka kwenye bomba ambalo Mama Hewa mwenyewe alikuwa amelipachika ukutani. Kesho yake kichwa kilimuuma tu. Daktari alisema nusu saa zaidi pengine wangekuwa na mazungumzo mengine.

Jukwaani Mama Hewa aliandika kilichotokea, kwa kifupi, bila kumtaja mtu wala mahali. Akaweka hesabu zake. Akaweka pia ile sentensi yake ya Jumatano, ili kila mtu aione, na chini yake akaandika: "Hii niliiandika mimi, na haikuwa sayansi." Waliokuwa wakicheka saa sita na nusu walinyamaza. Wengine walimwambia asijilaumu. Mmoja, wa kwanza kumwita mwoga, alifuta majibu yake yote na hakuonekana tena. Msimamizi alipendekeza kuwe na namba ya dharura kwa kila mwanachama, na wakaanza kugombana kuhusu hilo mara moja.

Rubani hakuandika. Jumatano ikapita, na nyingine.

Wiki ya tatu mke wake alikuja karakana ya hospitali. Alisimama mlangoni, akakaribishwa kiti, akakataa, halafu akakaa.

"Nimekuja kukuuliza kitu cha kazi yenu," akasema. "Mume wangu anataka kurudi kazini lakini hawezi. Kazi yake ni vyumba vya baridi. Akifika mlangoni anarudi. Juzi kiwanda kimoja walimpeleka kwenye chumba kikubwa kama nyumba, akaingia hatua mbili akatoka mbio. Anaona aibu. Hamwambii mtu. Usiku tunalala dirisha wazi, mbu wanatumaliza."

"Mimi si daktari, wifi yangu."

"Madaktari nimewaona, wamenipa maneno ya taratibu. Wewe nataka unieleze kitu kimoja. Hewa ya chumba kikubwa kama kile, mtu mmoja anaimaliza kwa muda gani?"

Mama Hewa alitafuta karatasi. Alimwonyesha polepole, lita kwa lita, na yule mama alifuata kwa kidole, akamsimamisha mara mbili arudie. Kwa chumba kile ilitoka zaidi ya siku nne, hata ukichukua kiasi cha uchafu cha kumlegeza tu, si cha kumuua. Yule mama alikunja karatasi na kuitia kwenye pochi.

"Mimi nikimwambia ataona namfariji," akasema. "Ukimwambia wewe atabisha. Akibisha ndiyo nzuri."

Siku ya kutazama friji za chanjo ilipofika, fundi majokofu alikuja. Kisanduku kilikuwa kimefungwa kwa kamba ileile na macho yalikuwa chini. Friji tatu zilikuwa koridoni, hizo alizimaliza. Ya nne haikuwa friji, ilikuwa chumba cha baridi chenye ukubwa wa bafu, na feni yake ilikuwa inapiga kelele. Alisimama mbele ya mlango ule akishika kitasa bila kukivuta.

Mama Hewa alikuja na kigoda. Akaufungua mlango hadi mwisho, akakiweka kigoda kwenye kizingiti na kukaa, mgongo umeegemea mlango.

"Baridi itatoka," fundi akasema.

"Itoke. Chanjo nimezihamisha asubuhi. Ingia ufanye kazi."

Aliingia. Aliweka ngazi ndogo, akapanda, akaanza kufungua kifuniko cha feni. Skrubu ya kwanza ilimponyoka, ikaanguka. Mama Hewa hakuiokota wala hakusema pole.

"Mke wako alinipa kazi ya kupiga hesabu," akasema. "Chumba hiki, mlango umefungwa, unakaa saa ngapi kabla hujaanza kuumwa kichwa?"

Skrubu ya pili ilitoka, akaiweka mfukoni. "Inategemea," akasema hatimaye. "Vyumba hivi havizibi kabisa. Kuna tundu la maji ya kuyeyuka."

"Tundu la upana wa kidole. Usilitie kwenye hesabu."

"Kwa nini nisilitie, ikiwa lipo?"

"Kwa sababu linaweza kuziba."

"Basi hata mlango unaweza kufunguka," akasema, na kwa mara ya kwanza akageuka na kumtazama usoni. "Huwezi kutoa linalonisaidia na kubakisha linalokusaidia wewe."

Waliendelea hivyo kwa saa nzima, yeye juu ya ngazi, mwingine kwenye kigoda, wakibishana kuhusu tundu. Muuguzi aliyepita koridoni akisukuma toroli alipunguza mwendo, akamtazama yule fundi asiye na maongezi, akaendelea na safari yake.